Shuka Jeupe Chini ya Gari la Cherehani

Dada yangu hakuanza jana kukataa mambo. Alipokuwa darasa la tano alikataa kukaa dawati moja na mvulana aliyekuwa akimchora mgongoni kwa wino. Akakaa sakafuni muhula mzima, mpaka mwalimu akachoka yeye. Sasa ana miaka arobaini na moja, ana mume na watoto wawili, na mtu akimwambia jambo fulani haliwezekani, anavua miwani, anaifuta taratibu, kisha anauliza: "Nani kasema?"

Kazi yake ni kushona viti vya magari. Kibanda chake kiko kati ya kibanda cha fundi bodi na changu mimi, mdogo wake wa mwisho, fundi umeme wa magari. Ukiingia unakuta marobota ya ngozi yamesimamishwa ukutani, cherehani tatu za kushonea vitu vizito, meza ya kukatia yenye urefu wa kitanda, na mkasi mkubwa mweusi uliotundikwa kwenye msumari wake. Mkasi ule una sheria moja tu: ukiugusa, utafute pa kulala. Hata mumewe hajawahi kuugusa, na huyo ni muuguzi, amezoea vitu vyenye makali.

Miaka minne iliyopita mteja mmoja alimletea gari la milango miwili, lile la michezo, la chini, lenye pua ndefu. Alitaka viti vipya. Kabla viti havijaisha gari likagongwa kwa nyuma, kisha injini nayo ikafa, na mwenyewe akahamia ng'ambo. Akamtumia dada hati za gari pamoja na barua ya mstari mmoja: "Chukua, utafugia kuku."

Dada akaibandika barua ile ukutani juu ya cherehani, mahali ambapo wengine huweka picha ya harusi. Kisha akaanza kazi.

Siwezi kuwasimulia kila kitu, tutakesha. Injini iliteremshwa ikalala chini ya meza ya kukatia mwaka mzima. Pistoni mpya, zenye nguvu kuliko zile za kiwandani, zilikaa kwenye droo, kila moja imefungwa kipande cha kitambaa. Vali zilipangwa kwenye trei ya mayai, na kila shimo likaandikwa namba kwa chaki ya kushonea. Kichwa cha injini kilikaa jikoni kwake wiki tatu, na shemeji alikuwa akinywa chai pembeni yake, akiuliza, "Mgonjwa ameamkaje leo?" Mama yetu naye alikuja, akalizunguka gari mara mbili, akasema, "Milango miwili tu. Mimi mama yako nitaingilia wapi, dirishani?"

Dada alijifunza kuchomelea kwa fundi bodi. Lakini kila paipu aliichora kwanza kama anavyochora kiti: karatasi ya kaki, pini, chaki, anapima, anakata, anavalisha, anavua, anakata tena. Ikikaa sawa ndipo anagusa chuma. Turbo, ile feni inayosukuma hewa ndani ya injini, aliitoa kwenye gari la kusambazia mikate lililokuwa limetupwa, akaifungua, akaisafisha, akaifunga upya. Na kwa kuwa turbo huwaka moto hata ikaunguza nyaya zilizo jirani, akaishonea blanketi la kitambaa kisichoungua, kwa uzi wa waya, kwa mkono. Vidole vilimvuja damu siku nne. Nani kati yetu angeweza kushona kitu kile? Hakuna. Na bado tulimcheka.

Sisi ni nani? Sisi ni Watu wa Shuka. Kila Jumamosi asubuhi tunakutana kwenye uwanja wa ghala lililofungwa, tunafungua maboneti, na tunabishana mpaka jua linatutoa jasho. Huyu kaongeza presha, huyu kabadilisha kompyuta ya injini, yule anaapa gari lake lilimpita fulani, na fulani naye anaapa halikumpita. Jina letu linatokana na mtihani wetu. Gari likishatengenezwa, linapanda barabara ya machimbo mara tatu, linarudi, linasimama likiunguruma juu ya shuka jeupe. Tunahesabu hadi mia mbili, kisha wote tunainama. Likidondosha tone moja la mafuta, rudi nyumbani. Likitoa moshi, rudi nyumbani. Likiwa safi, jina la aliyelitengeneza linaandikwa kwa rangi kwenye ukuta wa ghala. Majina yalikuwa kumi na moja. La mwanamke halikuwepo.

Sasa shuka lile limetutia ugonjwa. Kwa kuogopa tone, kila mmoja wetu anatembea na gundi nyekundu mfukoni, na anaipaka kila mahali ambapo chuma kinakutana na chuma, panapohitaji na pasipohitaji. Ukifungua injini ya mtu wa kikundi chetu utadhani imepakwa jamu. Dada hakutaka hata kuiona. "Gasketi ikikatwa vizuri haihitaji gundi," alikuwa akisema, yaani ule utando unaobanwa kati ya chuma na chuma. "Gundi ni ya mtu ambaye hakupima."

Mwenyekiti wetu ni Profesa. Si profesa wa kweli, ni mwalimu wa hesabu wa sekondari, ila ndiye mwenye kompyuta ya kurekebishia injini, na tangu aipate kichwa kimemvimba. Siku dada alipolileta gari kwa mara ya kwanza, Profesa aliinama kwenye boneti na kucheka kwa pua.

"Cherehani," akasema, maana ndivyo walivyomwita kwa kumkejeli, "hii turbo au kikombe cha chai?"

"Kikombe ndiyo," dada akajibu. "Kidogo kinajaa upesi. Yako ni pipa, Profesa. Mpaka lijae, wenzako wameshafika."

Watu wakaangua kicheko. Mzee Gia naye akacheka. Huyu alitengeneza gia za malori maisha yake yote, sasa macho yamemwishia, lakini sikio lake tunaliamini kuliko kompyuta ya Profesa. Profesa hakucheka. Akafunga boneti mwenyewe, kwa nguvu kidogo, akasema, "Haya, tutaonana mlimani."

Asubuhi hiyo hiyo gari likapanda. Mara ya kwanza lilipanda vizuri, mlio wake ukijaa bonde zima, nami nikajikuta napiga makofi peke yangu. Mara ya pili, lilipokuwa linakata kona ya juu, nyuma yake ukatoka moshi. Moshi wa buluu, mzito, ule unaosema mafuta yanaungua. Dada akalirudisha polepole, akazima.

Wakamzunguka, kila mtu na lake. Huyu akasema pistoni, yule akasema vali. Profesa akanyoosha mkono wakanyamaza.

"Turbo imekufa. Mlinisikia nikimwambia. Kitu cha gari la mikate hakiwezi kazi hii." Kisha akalainisha sauti, na hapo ndipo alipoharibu kabisa. "Lakini tusimvunje moyo. Nitalichukua, nitaweka turbo ya maana, nitalisimamia. Ukutani tutaandika jina langu kama fundi, na chini yake, kwenye mabano, tutaandika: viti vimeshonwa na Cherehani."

Dada akavua miwani, akaifuta.

"Gari hili nimeliunda mimi, kuanzia parafujo ya kwanza," akasema. "Litaandikwa jina langu peke yake, au ukuta ubaki hivyo hivyo mpaka uanguke. Na turbo yangu haijafa."

"Umejuaje haijafa?"

"Kwa sababu niliifunga mimi."

Wakacheka. Mzee Gia peke yake hakucheka. Alikuwa ameinamisha kichwa akisikiliza injini iliyokwisha kuzimwa, akasema polepole, "Turbo ilikuwa inaimba vizuri. Kikulacho ki nguoni mwako, binti yangu. Kaangalie karibu."

Mkono wangu ulikuwa mfukoni, umeshika gundi nyekundu.

Naomba mnisikilize kabla hamjanihukumu. Siku moja kabla ya mtihani dada aliniachia kazi ndogo: kukaza bomba linalorudisha mafuta kutoka kwenye turbo kwenda chini ya injini. Gasketi alishaikata mwenyewe. Nami nikaliwaza shuka jeupe, nikawaza tone moja linavyoweza kumwaibisha dada yangu mbele ya watu wale, mkono ukaenda mfukoni. Nikapaka gundi pande zote mbili, nikakaza. Nilijiambia nalipaka pendo.

Pale uwanjani nilijua wanamtukana kwa kosa langu, na sikufungua mdomo. Mpaka leo nikikumbuka naona haya usoni.

Jumatatu alifungua mwenyewe. Nilisimama mlangoni kwake, siwezi kuingia, siwezi kuondoka. Alilegeza nati mbili, akavuta bomba, akalielekeza kwenye mwanga. Gundi ilikuwa imebanwa ikaingia ndani ya bomba, ikaota kama mnyoo mwekundu, ikaziba karibu njia yote. Mafuta yalikuwa yanaingia kwenye turbo na hayana pa kutokea, kwa hiyo yakapenya kwenye eksozi na kuungua huko. Turbo yenyewe haikuwa na hata mkwaruzo.

Akauvuta ule mnyoo kwa kibano, akauweka mezani, juu ya ngozi nyeupe.

"Mimi nilikata gasketi," akasema. "Hii nyekundu ni ya nani?"

"Yangu, dada."

"Kwa nini?"

"Niliogopa tone."

Nilitegemea anitukane, na ningeshukuru angenitukana.

"Hukuogopa tone," akasema. "Hukuamini kazi yangu. Wale siwalaumu, hawajawahi kuniona nikifanya. Wewe umeniona miaka miwili na nusu."

Machozi yalinitoka, mtu mzima mimi, na nyaya zangu shingoni. Dada akainuka, akaenda kwenye msumari, akaushusha mkasi mweusi na kuniwekea mkononi.

"Kata gasketi mpya," akasema.

Nilikata ya kwanza, akaitupa. Ya pili akaitupa. Ya tatu aliipima kwa kidole gumba, nikapumua, akaitupa pia. Ya tano aliivalisha kwenye bomba, akailaza, akaipapasa ukingoni, akasema, "Hii inakaa." Akanipa spana nikaze, na safari hii alisimama nyuma yangu.

Jumamosi iliyofuata shuka lilikuwa limeshatandikwa tulipofika. Gari likapanda mara ya kwanza, hakuna moshi. Mara ya pili, hakuna moshi. Mara ya tatu lilipanda kwa kasi ambayo sijawahi kuiona kwenye barabara ile, na kwenye kona ya juu, pale pale lilipotuaibisha, dada akakanyaga zaidi. Nyuma yake kulikuwa na vumbi tu.

Akaliegesha juu ya shuka. Tukahesabu hadi mia mbili. Tukainama wote, hata Mzee Gia ambaye haoni. Shuka lilikuwa jeupe.

Profesa akapanguza magoti, kopo la rangi na brashi vikiwa miguuni pake. "Tuambie basi. Kosa lilikuwa nini?"

"Bomba la kurudisha mafuta lilikuwa limeziba kwa gundi."

"Gundi? Wewe si hutumii gundi?" Macho yake yakanigeukia. "Basi kuna mtu mwingine aliyefunga. Kazi haikuwa ya mtu mmoja."

Nikafungua mdomo nitoe ya moyoni, niseme ni mimi. Dada hakunigeukia hata kidogo.

"Nyamaza," akaniambia. Kisha akamwambia Profesa: "Gari ni langu, na kosa lake ni langu. Nilipaswa kuangalia kabla ya kuliwasha, sikuangalia. Siwezi kudai jina halafu kosa niwagawie watu."

Profesa akakuna shingo. "Sawa. Lakini kwa kuwa wiki iliyopita lilishindwa, busara ni turudie Jumamosi ijayo, tuwe na uhakika."

"Sheria inasema mara tatu, na limepanda mara tatu," dada akasema. Akaingia garini, akalisogeza mbele hatua kumi, akashuka. Shuka likabaki peke yake uwanjani, limetandikwa, jeupe. "Ila kama unapenda kuwa na uhakika, shuka lipo. Lete lako."

Hakuna aliyecheka. Gari la Profesa lilipita kwenye shuka miaka sita iliyopita na halikurudi tena, na kila mmoja wetu anajua ni kwa nini huliegesha kwenye mchanga, peke yake, mbali na sakafu ya saruji.

"Sogeza, mwalimu," Mzee Gia akasema kwa upole. "Niko hapa, nitahesabu."

Profesa alilitazama gari lake. Akalitazama shuka. Kisha akainama, akachukua brashi, akaenda ukutani.

"Niandike nini?"

"Andika Cherehani. Si ndivyo mnavyoniita?"

Akaandika, herufi baada ya herufi, chini ya yale majina kumi na moja, bila mabano. Alipomaliza akageuka. Dada alikuwa amesogea karibu, amekunja mikono, miwani puani, anaukagua ukuta kama anavyokagua mshono.

"Herufi ya mwisho imepinda," akasema. "Futa, uandike tena."

Akafuta, akaandika tena.