Nilimwekea na ya Kutolea

Mimi sina subira, sikufichi. Chai nainywa ya moto, nikiungua naungua. Nikikupigia simu usipopokea, napiga tena papo hapo. Kwa hiyo ukitaka kunitesa, nifanye nisubiri hela iliyoko njiani, mahali ambapo siwezi kuifuata. Mwaka ule niliteswa hasa.

Nina duka la zana hapa Nachingwea: majembe, mapanga, misumari, saruji, dawa za mikorosho. Majembe yangu ni ya mkono, maana huku kwetu tunalima hivyo tangu na tangu. Kisha wakaja wafugaji kutoka kanda ya ziwa na ng'ombe wao, na siku moja mmoja wao akaingia dukani. Baba wa makamo, mkazi wa Chinongwe, kofia mkononi. Akashika jembe, akaligeuza, akacheka.

"Mama, hiki ni kijiko."

"Kijiko hicho ndicho kilichonilea," nikamjibu.

"Usikasirike, mama. Nina maksai wanne wamekaa bure. Nataka plau mbili."

Alikuwa amekodi shamba kubwa Malolo, la msimu mmoja tu. Mwenye shamba alishasema msimu unaofuata analichukua. Nyumbani kuna watoto sita, na akiba ya mahindi iliishia njiani walipokuwa wanahama. Ilikuwa lazima alime mvua za kwanza zikianguka tu. Akauza madume wawili, akanipa hela yote mkononi bila hata karatasi. "Nakuamini, mama," akasema. Lo, neno lile! Nililala nalo, nikaamka nalo.

Mfanyabiashara mwenzangu akanipa namba ya mwenye karakana upande wa Zambia, anayetengeneza plau nyepesi zinazofaa udongo wetu. Kiswahili chake alijifunza kwa madereva wa malori. Akanitumia invoisi na sharti moja: alipwe kwa kwacha, ndani ya akaunti yake. Dola zinamsumbua huko kwao, na shilingi ndiyo hataki kabisa.

Nikaenda benki. Binti wa dirishani akakunja uso. "Kwacha? Mama, kwacha hatuna." Akanieleza kwamba shilingi zangu zitageuzwa dola, dola zitapitia benki nyingine ya katikati, na huko mbele ndiko zitageuzwa kwacha.

"Na hao wa katikati wanakata?"

"Wanaweza kukata. Ila ukijaza hapa kwamba makato yote ni juu yako, yeye anapata kamili."

Nikajaza, nikasaini, lakini moyo haukutulia. Jamani, tunajuana. Ukimtumia mtu hela kwa simu bila ya kutolea, akienda kwa wakala akakatwa, utasemwa. Marehemu mama yangu hakujua kusoma, lakini ya kutolea alikuwa anaidai. Sasa mtu ambaye hajawahi kuniona anitengenezee mzigo, halafu mimi nimtumie hela akakatwe? Nikaongeza, tena si kidogo.

"Mama, invoisi inasema hivi, wewe umeandika zaidi," binti akasema.

"Ni ya kutolea."

Akacheka mpaka akafunika mdomo. "Mama, huko haendi kwa wakala. Hii inaweza kuleta shida."

"Mwanangu, hela ni ya nani?"

"Ni yako."

"Basi andika."

Akaandika. Hapo ndipo nilipoharibu, kwa mdomo wangu mwenyewe, na sina wa kumlaumu.

Siku zikaanza kupita. "Imeingia?" "Haijaingia, mama." Napanga misumari, naipangua. Nakwenda benki naambiwa imeshatoka. Imeshatoka imekwenda wapi? Mbuzi wangu akipotea nafuata kwato, sasa hii nifuate nini? Baba wa Chinongwe alikuwa anapiga simu kila siku ya mnada. Hakuwa msemaji. "Mama, maksai wamenenepa," basi, anakata.

Kisha Mzambia akapiga mwenyewe.

"Mama, hela imefika, lakini benki wameishika. Wanauliza hii iliyozidi ni ya nini."

"Waambie ni ya kutolea."

"Ya kutoa nini?"

"Ya kutoa hela!"

"Mimi sitoi, mama, mimi nanunua chuma. Wanasema invoisi na hela lazima zifanane. Wanataka barua."

Nikaandika barua. Nikaambiwa haina muhuri, nikaandika nyingine. Jibu lilipokuja, lilisema hela inarudishwa ilikotoka, kwa njia ile ile iliyopitia. Nilikaa chini nyuma ya kaunta, nikamwambia mteja wa misumari arudi baadaye.

Ijumaa ya wiki ile nilikuwa kwetu Nambambo. Mawingu yalikuwa yanakusanyika na kutawanyika, mashamba yameshasafishwa, mbegu ziko ndani zinangoja. Watu wakatoka kwenda uwanjani kuomba mvua, wanaume mbele, sisi nyuma. Imamu anaomba, watu wanaitikia amina. Mikono niliinua kama wenzangu, lakini amina haikutoka. Mimi, mtoto wa mkulima, nimesimama katikati ya dada zangu, moyoni naomba mvua ichelewe. Wiki tatu tu, ya Rabi, wiki tatu tu. Niliona aibu, na mpaka leo naiona.

Ilinyesha siku ya tatu, saa sita mchana, mvua ya kushiba. Mtaa mzima wanashangilia, mimi nimesimama mlangoni tu. Kesho yake asubuhi baba wa Chinongwe akaingia, tope mpaka magotini, anatabasamu.

"Mama, dua zenu zimejibiwa. Plau ziko wapi?"

Nikamweleza yote, hata binti wa benki alivyonionya. Nilitaka anitukane, angalau ningepumua. Akauliza tu:

"Kwa hiyo ulimwekea na ya kutolea?"

"Nilimwekea."

"Hata mimi ningemwekea." Akakaa juu ya mfuko wa saruji, akafunika uso kwa kofia. "Maksai nimewafunga nira tangu alfajiri, mama. Hawana cha kuvuta."

Hela ya nje ilikuwa bado inazunguka. Nikachukua ya mtaji, niliyoiweka kwa ajili ya dawa za mikorosho, nikamrushia hela yake yote kwa simu, na ya kutolea juu, maana kutuma vinginevyo sijui. Nikamwambia atafute vibarua. Siku ya pili yake akapiga.

"Nimepata wanne, mama. Kila mtu yuko shambani kwake."

Wanne! Shamba lile! Nikatazama ukuta wa duka langu, majembe yananing'inia tele. Kukaa sikuweza. Nikafunga duka, nikafunga majembe kumi na mawili nyuma ya pikipiki, nikamwambia dereva twende Malolo.

Nilimkuta na mkewe na watoto wote sita, wanapokezana majembe mawili ya kuazima, na wale vibarua wanne mbali kule. Maksai walikuwa pembeni wanakula majani. Nikavua viatu, nikafungua majembe. Akaja, akanyoosha mkono.

"Haya, mama. Nipe kijiko."

Tulilima siku tano mpaka viganja vikachubuka, tukaishia robo ya shamba. Hela niliyomrudishia iliishia kwenye unga wa kuwafikisha kwenye mavuno, na mavuno ya robo ile wakayala mpaka mwezi wa tisa.

Hela ya Zambia ilirudi, imepungua. Nikaituma tena, safari hii kama invoisi ilivyosema, bila ya kutolea hata senti. Plau zikaja. Mwezi wa kumi baba wa Chinongwe alipita dukani akazikuta zimeegemea ukuta. Akashika mpini wa moja, akainyanyua, akaipima uzito, akairudisha polepole.

"Nzuri hii," akasema.

Maksai alikuwa ameshawauza wote wanne.