Kanga ya Msabaha na Vidonge vya Heriel

Msabaha mwenyewe akisimulia habari hii huanza kwa kujitukana, ili wasikilizaji wasipate taabu. "Mjinga aliyekwenda China akarudi mjinga na mzigo," husema, kisha ndipo huendelea.

Ulikuwa mwaka wa tisini na nane. Msabaha alikuwa mtu wa makamo, mfanyabiashara wa nguo kutoka Unguja, na safari hiyo ilizishinda zote kwa uzito. Binti yake Muzdalifa alikuwa anaolewa Mfungo Tatu. Bibi yake Muzdalifa, Bi Hafidha, mama yake Msabaha, alikuwa ametunga jina la kanga za sare ya harusi, yaani maneno ya kuchapwa juu yake. Macho ya bibi yalikwishaingia mtoto wa jicho, hivyo aliyatamka maneno yake, mjukuu akayaandika kwenye karatasi, bibi akamkabidhi mwanawe mkononi. Yalikuwa haya: *Tuliomba kimya, tumejibiwa kwa vigelegele.*

"Usinipotezee neno hata moja," alimwambia. "Sina umri wa kutunga jingine."

Msabaha aliapa. Karatasi aliitia mfuko wa shati, upande wa moyo, akapanda ndege.

Kazi za Guangzhou, kule China, zilimkaba koo. Soko la Shahe hufunguka kabla jogoo hajakohoa, na ukichelewa unakuta nguo nzuri zimekwenda na Wakongo. Toka Shahe akimbilie mtaa wa Yide Lu kutafuta vikorokoro vya harusi, toka huko akimbilie kiwanda cha kuchapa kanga nje ya mji, na juu ya yote wakala wa bandari ya Huangpu alikuwa akimkumbusha kwamba meli haina mjomba. Siku ya nne alilala amesimama, kichwa juu ya robota la suruali. Heriel, Mchaga wa Kariakoo aliyekuwa akikaa naye hoteli moja, akamhurumia.

"Kaka, meza hivi," alisema, akampa pakiti ya vidonge vya manjano. "Vya kupunguza unene. Nawapelekea akina mama Dar. Lakini vinafukuza usingizi balaa."

Unene Msabaha alikuwa nao, usingizi alikuwa nao. Akaona amepata mbili kwa moja. Akameza.

Siku tatu zilizofuata, kwa maneno yake mwenyewe, alikuwa mtu mwenye akili kuliko wote kusini mwa China. Hakula. Hakulala. Alizungumza na wauzaji kwa Kichina cha maneno sita, akaona wanamwelewa vizuri sana. Robota moja alilifungua na kulifunga upya mara nne, kwa sababu kila mara aliona kamba ingepita vizuri zaidi. Meno yalimsagika yenyewe, moyo ulimdunda hadi masikioni, naye akauchukulia mdundo huo kuwa ni furaha.

Katika hali hiyo ndipo alipokwenda kiwandani kukubali sampuli, peke yake, maana mkalimani wake, Vedasto, alikuwa na mtihani. Desturi ya kule ni hii: mchongaji wa maandishi hajui Kiswahili, huchonga chochote alichopewa. Kwa hiyo kipande cha kwanza kikichapwa, mwenye mali hukisoma herufi kwa herufi, akisharidhika hutia sahihi juu ya kitambaa chenyewe. Sahihi ikishakauka, hakuna kulalamika.

Msabaha alisoma maneno ya mama yake. Yalikuwa sawasawa, hakuna herufi iliyopotea. Lakini akayaona yamepwaya. Maneno matano tu, kwa harusi ya binti yake wa pekee! Akaomba kalamu. Bibi mwenye kiwanda, ambaye tutamwita laoban, yaani bosi, kama wamwitavyo wenyewe, aliyatazama aliyoyaandika Msabaha, akachukua rula, akapima kisanduku cha jina, akatikisa kichwa. Hayaenei.

"Meiwenti!" alisema Msabaha. Hakuna shida. Alilisema mara saba.

Jioni ile ile kipande kipya kikatoka, herufi ndogo kama sisimizi. Akatia sahihi. Akatia tena ya pili, kwa uzuri wa ile ya kwanza. Akatia ya tatu, akaipigia mstari.

Vidonge viliisha, na Msabaha akaisha navyo. Alilala siku mbili, akaamka na huzuni isiyo na mwenyewe. Vedasto alipokuja kumtazama, alimkuta amekaa kitandani analia juu ya bakuli la tambi, eti zimekuwa ndefu mno.

Vedasto alikuwa kijana wa Bukoba, anasomea udaktari kwa ufadhili wa serikali. Aliinua pakiti tupu, akasoma maandishi ya Kichina, akaguna.

"Kaka, hii ni ya jamii ya efedrini, kama hawakuchanganya na kali zaidi. Umemeza vingapi?"

"Vyote."

Vedasto akakaa. "Sikiliza. Kichwani mna seli zinazopelekeana habari. Hazigusani, kuna upenyo kati yake. Seli humwaga kemikali kidogo kwenye upenyo, dopamini au noradrenalini, ujumbe ukafika, kisha huivuta irudi ndani itumike tena. Dawa za jamii hii huzisukuma kemikali hizo zitoke kwa wingi, na nyingine huziba njia ya kurudi."

"Basi zinaongeza nguvu."

"Haziongezi kitu. Zimevunja ghala lako mwenyewe zikamwaga mzigo barabarani. Sasa rafu ni tupu, ndiyo maana unalilia tambi. Zitajaa tena, ukila na ukilala. Shukuru moyo haukusimama."

"Lakini akili yangu ilikuwa kali, daktari. Wallahi ilikuwa kali!"

"Hapana, kaka. Dopamini, mojawapo ya kazi zake, huweka alama: hili ni muhimu. Ikimwagika ovyo, kila kitu kinatiwa alama, hata kamba ya robota. Hukupata akili. Ulipata uhakika."

Msabaha aliacha kulia. Mkono ukaenda wenyewe mfuko wa shati, ukaikuta karatasi ya mama yake.

"Vedasto," alisema, "nitafutie teksi."

Kiwandani walikuta doti mia mbili zimekunjwa na kufungwa. Laoban hakubishana nao, alileta tu kile kipande chenye sahihi tatu. Meli ilikuwa inaondoka kesho yake, na nyingine isingewahi harusi. Vedasto akasoma kwa sauti: *Ndoa ni safari, na safari ni mizigo, na mizigo ni kufungasha, enyi maharusi, boksi zito liwe chini na jepesi juu, kamba ipite mara mbili, wala msifungue kabla ya kufika, nami Msabaha nimesema.*

Vedasto hakucheka. Msabaha anasema angecheka ingekuwa afadhali. Yeye mwenyewe aliona aibu iliyomfika mifupani, aibu ya mtoto aliyetumwa chumvi akarudi na mchanga.

Siku ya harusi wanawake walijaa ukumbini, wote wamejifunga zile kanga, wakisomeana jina lake kwa sauti na kucheka. Bi Hafidha akaagiza mwanawe aitwe mlangoni. Alikuwa amepakata doti yake, anaipapasa.

"Nisomee jina, mwanangu."

Msabaha akatazama kitambaa. Akawatazama wanawake mia mbili, kila mmoja na maneno yale kiunoni, kila mmoja anajua kusoma.

"Tuliomba kimya," alisema, "tumejibiwa kwa vigelegele."

Wanawake walitazamana. Kisha Muzdalifa, bibi harusi aliyepaswa kukaa kimya, akapiga kigelegele, na wote wakampokea, mpaka mabati yakatetema.

Bi Hafidha alingoja vitulie. Akaushika mkono wa mwanawe.

"Ahsante, mwanangu," alisema. "Haya, sasa nisomee na yale ya maboksi."