Mama na Mkwe Wake Chini ya Paa Moja

Nyumba niliichagua mimi, kwa picha za simu. Ilikuwa fleti ya ghorofa ya kwanza mjini Busia, mwendo mfupi kutoka mpakani: vyumba vitatu vya kulala, sebule yenye makochi ya kijivu, jiko lenye friji. Tulitaka kumpa mama likizo. Alikuwa hajawahi kulala mahali pa kulipiwa. Angepumzika pale siku chache, na siku moja tungevuka naye hadi Jinja, Uganda, akaone mto Naili unakoanzia.

Dada yangu mkubwa, ambaye ni mjane, alitoka Nairobi pamoja na mdogo wetu wa kiume, ambaye hajaoa. Wakapitia Rukala, kijijini kwetu, kumchukua mama. Mimi, mume wangu na watoto wetu tulitoka Malaba, tunakoishi, tukatangulia kufika. Vyumba nilikuwa nimeshavigawa kichwani. Mama angechukua kile kikubwa chenye bafu ndani, ambacho watu huita masta. Mimi na mume wangu tungelala chumba cha pili, dada na watoto cha tatu. Mdogo wetu angejikunja kwenye kochi.

Mama alipanda ngazi polepole akiwa na mkoba wake. Akaitazama sebule, kisha ule ujia mwembamba wenye milango mitatu.

"Mkwe wangu analala wapi?" akaniuliza.

Nikamwonyesha mlango uliopakana na wake. Alitoka, akaketi kwenye kiti cha plastiki pale roshani, mkoba mapajani.

Kwetu Wanyala, mama hukaa mbali na mume wa binti yake. Hawapeani mikono, hawali meza moja, na hawalali chini ya paa moja. Hayo niliyajua tangu utotoni. Lakini mume wangu kila akienda Rukala alikuwa anarudi siku hiyohiyo, kwa hiyo jambo la kulala lilikuwa halijawahi kutokea. Nilipokuwa natazama zile picha, nilikuwa nawaza magodoro na maji moto.

Mdogo wetu alimfuata mama nje. "Mama, hii ni kama hoteli tu. Kila mtu ana mlango wake."

"Jikoni ni moja," mama alisema. "Nikiamka kunywa maji nimkute pale amevaa kaptura, nitaweka macho wapi?"

"Lakini wakati wa mafuriko si ulilala darasa moja na shemeji?"

Dada akageuka akatazama barabarani. Shemeji aliyetajwa alikuwa marehemu mume wake. Mwaka ule mto Nzoia ulipobomoa tuta, alikuja kututoa nyumbani, maji yakamfungia njia, naye akalazimika kulala nasi katika shule tuliyokimbilia.

Mama hakukasirika. Alijibu kwa sauti ya kawaida. "Siku ile tulipangwa na maji. Marehemu alikaa mlangoni mpaka kukakucha, amenipa mgongo. Mimi nilikuwa upande wa ubao, nimejifunika leso. Aliniheshimu, na mimi nikamheshimu. Leo hakuna maji. Nikilala hapa, nitakuwa nimechagua mwenyewe."

Nikashuka kwa mume wangu, ambaye alikuwa anatoa mizigo kwenye gari na alikuwa amesikia yote.

"Mimi nitakuwa nalala Malaba, nakuja asubuhi," akasema. "Hata sisi Wateso hatufanyi hivyo. Nilidhani mmeongea na mama."

"Mbona hukuniuliza?"

"Ningeanzia wapi? Ni mama yako."

Nilimhurumia. Anafanya kazi ya kupitisha mizigo mpakani, na alikuwa ameomba likizo ili alale mahali ambapo madereva wa malori hawatamgongea mlango. Akirudi Malaba, wangemgongea.

Mwanamke anayetunza nyumba ile alikuwa anafagia karibu nasi. "Boss, kuna chumba huko nyuma," akamwambia mume wangu. "Kimejengwa peke yake. Huwa tunalaza madereva wa wageni. Kina choo chake."

Tulikwenda kukiona. Kilikuwa kando ya tangi la maji, na kitanda kimoja chembamba na dirisha dogo. Dada alipokiona alishika kiuno. "Mkwe tumlaze chumba cha dereva? Watu wake watatuonaje?"

Mama, aliyekuwa ametufuata kwa umbali, akasema basi yeye ndiye atalala huko. Dada akakataa, kwa kuwa safari ilikuwa ya mama. Wakiwa bado wanavutana, mume wangu aliingiza begi lake ndani, akavua viatu, akajinyoosha kitandani. Ubishi ukaishia hapo.

Mama akamwambia dada, nami nikiwa nimesimama palepale, "Mwambie aende na mume wake. Asimwache huko peke yake kama mlinzi."

Ikawa mimi niliyetafuta nyumba ndiye niliyelala kwenye kitanda chembamba kuliko vyote. Kile chumba kikubwa mama hakukitaka peke yake. Aliwaita wajukuu, wakatandika godoro sakafuni, yeye na mdogo kabisa wakachukua kitanda. Dada akapata chumba chake, na mdogo wetu naye akaachana na kochi.

Chakula cha mume wangu tulikipeleka hukohuko chumbani. Watoto walikuwa wanashuka na sahani ya baba yao, wanapanda na salamu zake. Kule Jinja, mwenye boti alitaka tuingie wote kwa pamoja. Mume wangu akarudi nyuma, akasema atangoja ukingoni. Mama aliitazama boti, akamwambia dada kwamba hapa hakuna mtu anayelala, mkwe aje. Mume wangu akakaa nyuma karibu na injini, mama akakaa mbele kabisa, na safari nzima hakugeuka hata mara moja.

Asubuhi ya kuondoka mama alisimama roshani akitungoja tupakie. Mume wangu alikuwa ameinama akikagua gurudumu.

"Mkwe, umeamkaje?" mama akauliza kutoka juu.

"Nimeamka vizuri, mama," akajibu, macho kwenye gurudumu. "Na wewe?"

"Nimelala vizuri sana."

Kwa miaka yote niliyoolewa, sikuwa nimewahi kuwasikia wakizungumza zaidi ya hapo. Mume wangu alimaliza kukagua, akafunga buti la gari, tukaanza safari.