Jumamosi za Fundi Saa

Kila Jumamosi mchana fundi saa huvaa shati lililonyooshwa na tai, kana kwamba wapinzani wake wa sataranji ya mtandaoni wanamwona kupitia kioo cha simu. Huegemeza simu kwenye chupa ya chai, akaalisha vidole kimoja kimoja mpaka vilie, kisha hutoa amri: redio izimwe, mtoto asikohoe, na mkewe akaange vitunguu baadaye, maana mafuta yakichachatika farasi wake hupotea njia. Hucheza kwa kidole kidogo, kile cha kuokotea skrubu za saa, nacho huning'inia juu ya kete mpaka muda wake unakwisha. Yeye, fundi saa! Hapo huruka kitini: "Mtandao! Mtandao umeniua!" Hata malkia wake akiliwa mchana kweupe, mwizi ni mtandao.

Jumamosi iliyopita alifika fainali ya mashindano yao ya mtandaoni, kwa mara ya kwanza tangu ajiunge. Mpinzani, mtu aliyejiita Shoka, alikuwa hoi, mfalme wake kabanwa kwenye kona. Ilibaki hatua moja tu. Kidole kikashuka. Kete haikusogea. Akabonyeza tena, na tena, halafu akainua macho: kile kisanduku cha mtandao ukutani kilikuwa kimezima taa zote.

Alitoka mbio mpaka jikoni, tai begani. "Mama watoto, mtandao! Safari hii kweli, naapa! Nilikuwa nashinda!"

Mkewe hakugeuka. Aliwasha jiko, akamimina mafuta kikaangoni.

"Pole, baba. Leo amekufunga nani?"