Mbwa Aliyeitwa Hasidi

Miaka ile, ukitaka kumtukana jirani bila kushitakiwa kwa liwali, ulifuga mbwa ukampa jina. Anselmi, Mchaga aliyeuza vitunguu kwa jumla Kariakoo, alimwita wake Hasidi.

Jina lilimlenga Mzee Mbaruku, fundi cherehani wa nyumba ya pili. Mwaka wa hamsini na nne mzee huyo alipita ghalani kwa Anselmi akasema, "Vitunguu vimenona, jirani!" Alisema na neno jingine, lakini hilo Anselmi hakumsimulia mtu. Haikupita wiki, magunia kumi na manane yakaoza. Anselmi akaapa kwamba ni jicho la fundi, akaacha hata kumwamkia.

Badala ya shikamoo, kila asubuhi ikawa mafunzo. Na tumpe haki yake, kufundisha alijua. Alichuchumaa mbele ya baraza ya Mbaruku, kipande cha pafu mkononi, akaita mara moja tu: "Hasidi!" Mbwa akija, anapata pafu na kukunwa masikio. Asipokuja, Anselmi anageuka na kwenda zake mpaka afuatwe. Hakumpiga hata siku moja, maana mbwa aliyeitwa akapigwa haji mara ya pili. Baada ya miezi mitatu mbwa alikuwa anaacha hata mfupa akisikia jina lake. Wapita njia walicheka wakimtazama fundi, naye fundi aliendelea kukanyaga cherehani yake.

"Baba Josepha," mkewe Euphrasia alimwambia, "mzee wa watu amekukosea nini hasa?"

"Namwita mbwa wangu. Nimemtaja mtu?"

Kisha kichaa cha mbwa kikaingia mjini. Ikatangazwa kwamba mbwa yeyote atakayekutwa barabarani atapigwa risasi. Anselmi akamfunga wake uani kwa kamba, akaenda sokoni. Saa nne akasikia mlio wa bunduki upande wa kwake. Akaacha mizani na wateja, akatimua mbio.

Alipofika kwenye kona, pumzi zilikuwa zimemwishia, sauti haitoki. Mbwa alikuwa katikati ya barabara akinusa taka, kipande cha kamba shingoni. Askari alikwisha piga goti, bunduki begani. Na mbele ya baraza yake, Mzee Mbaruku alikuwa amechuchumaa vilevile kama Anselmi, kanzu vumbini, mkono mtupu ameunyoosha, anaita kwa nguvu zake zote:

"Hasidi! Hasidi!"

Mtaa ukaangua kicheko. "Leo mzee anajiita mwenyewe!" mtu akapiga kelele. Mbaruku hakugeuka. Akaita tena. Mbwa akainua kichwa, akaja mbio, akamrukia kifuani na kumlamba mikono. Askari akashusha bunduki.

Anselmi alipojikokota hadi pale, mzee alikuwa na ndoo ya maji, anajiosha mikono mara saba, moja kwa mchanga, kama dini yake inavyomtaka akiguswa na mate ya mbwa. Anselmi aliona aibu. Laiti ardhi ingepasuka immeze.

"Shikamoo, mzee." Ilikuwa ya kwanza kwa mwaka mzima.

"Marahaba. Kamba yako ilikuwa mbovu."

Angetukana ingekuwa nafuu.

Jioni ile Anselmi akaanza kumfundisha mbwa jina jipya. "Rafiki! Rafiki!" Mbwa alimtazama kwa adabu, hakutikisika. Wiki mbili, pafu juu ya pafu, wapi! Alikuwa amemfundisha vizuri mno. Ikabidi Anselmi, mtu mzima na ndevu zake, awe anamfuata mbwa na kumbeba kifuani, kwa kuwa lile jina halikumtoka tena mdomoni.

Mpaka asubuhi moja mbwa akachomoka mlangoni kuelekea barabarani, na askari wangali wanazunguka.

"Rafiki! Rafiki!"

"Mwite jina lake, mwanangu," Mbaruku akasema, cherehani ikiendelea. "Utamuua."

Anselmi akainamisha uso, akaliita. Mbwa akarudi mbio, mkia juu, akakaa mbele ya baraza ya fundi kama alivyofundishwa. Watu walikwisha anza kucheka.

"Mzee," Anselmi akasema, kwa sauti ya kusikika mtaa mzima, "siku ile uliniambia niviinue vitunguu, chini pamelowa. Nikakupuuza."

Cherehani ikasimama.

"Nakumbuka," akajibu Mbaruku. "Mpe mbwa pafu lake, anangoja."