Siku Niliyowalisha Walioshiba

Mwanangu, kuna Jumapili moja, tulipokuwa tukikaa Waithaka kule Nairobi, ambayo hata leo nikiikumbuka uso unanichoma. Keti nikusimulie, chai bado ni moto.

Nilikuwa nikifulia matajiri nguo kule Lavington, na mume wangu alikuwa kibarua wa mjengo Upper Hill. Jengo likaisha, na kazi ikaisha nalo. Akawa anaamka alfajiri kutafuta, anarudi jioni na vumbi tu. Nafula, kifungua mimba wangu, alikuwa ameitwa kujiunga na shule ya bweni, na kwa karo yake nilitegemea chama. Tulikuwa kina mama majirani, tukichanga kila mwezi, na mwenye zamu ya kupokea ndiye aliyetukaribisha kwake.

Ukaribisho huo ndio uliokuwa na mambo. Aliyetangulia akipika kuku, wewe unapika kuku na pilau. Hakuna aliyeiweka sheria hiyo, lakini nani alitaka kusemwa? Nami sikutaka ijulikane kwamba kwetu hali ni ngumu. Nikaazima mapazia kwa jirani mmoja na vitambaa vya makochi kwa mwingine. Mchele, mafuta na soda nikachukua dukani kwa deni. Kuku nikawapeleka wakachinjwe na Muislamu, ili Bi Mwanaisha naye ale. Huyo alikuwa mama mtu mzima kutoka Mombasa, akiuza leso mjini, na ndiye mweka hazina wetu. Tulimheshimu kama mzazi.

Walikula, wakanisifu, nami nikavimba kichwa. Wakanikabidhi pesa, wakaenda zao. Bi Mwanaisha akabaki kunisaidia vyombo. Wanangu wakaingia jikoni wakayavamia mabaki, wakakwangua sufuria hadi ukoko, na yule mdogo akalamba mwiko. Bi Mwanaisha aliwatazama, kisha akaniuliza polepole, "Watoto hawa jana walikula nini?"

Uongo niliutafuta nikaukosa. Nikasema uji. Akauliza juzi je. Nikasema uji.

"Basi leo umetulisha sisi tulioshiba, mwanangu," akasema. "Tumekukosea nini hata utufiche?"

Nikalia. Nikamwambia kwamba nikishalipa duka, karo ya Nafula haitatosha. Hakunikaripia. Alinishika mkono uliojaa sabuni, akaniambia atawaita wenzetu Jumapili inayofuata, ila kusema niseme mwenyewe. Wiki ile, mwanangu, afadhali ningeambiwa nifue nguo za Lavington nzima.

Siku ikafika, nikasimama mbele yao. "Kina mama, mimi sina," nikasema. "Ile chakula mlikula kwangu ilikuwa ya deni, na karo ya Nafula imepungua."

Nikangoja kuchekwa. Mama Wanjiru, ambaye kuku wake ndiye aliyenisukuma mpaka kwenye pilau, akainamisha kichwa. "Hata mimi ya kwangu nilikopa," akasema. "Na bado nalipa."

Akafuata mwingine, na mwingine. Kumbe tulikuwa tunakopa ili tufichane sisi kwa sisi, kila mmoja akilala na presha yake! Tukacheka huku tunafuta machozi. Tukakata shauri hapo hapo kwamba kuanzia siku hiyo mwenye zamu atapika chai, na mgeni atakula kinacholiwa na watoto wa nyumba hiyo. Mama Atieno, aliyekuwa na zamu iliyofuata, akaahidi kunijazia karo katika pesa zake, nami nimrudishie kidogo kidogo. Nafula alifika shuleni amechelewa, lakini alifika.

Sasa wewe, mwanangu. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Siku hizi ni rahisi zaidi, mkopo uko kwenye simu, huoni haya mbele ya mtu. Lakini simu nayo haikuulizi watoto wamekula nini. Ukijikuta unakopa huku ili ulipe kule, simama hapo hapo. Pesa ikiingia, tenga kwanza ya chakula, ya nyumba na ya shule. Harusi za watu, sare za sherehe, mapazia mapya, hivyo vitangoja, na visipongoja viende. Jikune ujipatapo. Na mambo yakikuzidi, sema mapema, maana mficha uchi hazai. Sisemi umwambie kila mtu, wapo watakaokutangaza mtaa mzima, nawajua kwa majina. Tafuta mmoja mwenye huruma. Ukimkosa, mimi nipo, na sitakuuliza kwa nini umechelewa.

Mungu akujalie riziki ya kutosha na usingizi wa kutosha. Watoto wako walale wameshiba kabla ya wageni. Na akupe rafiki ambaye utamwambia huna, naye asikuonee haya.