Thelathini na Nane Waliohama

Watu wa mtaa wa Bigwa wanaomwona Pili Abeid asubuhi akishuka kwenye bodaboda mbele ya geti la buluu, kitambulisho shingoni na mkoba wa kompyuta begani, humwita "mheshimiwa", nusu kwa heshima na nusu kwa utani. Yeye hucheka tu. Hajawahi kuwaambia kwamba tangu aingizwe kwenye timu ya uongozi, ni vikao vichache mno alivyokaa bila kuogopa kuulizwa jambo asilolijua.

Shirika lenyewe linaitwa Kitovu Salama. Lina makao yake Morogoro, lina miradi mpaka Malawi na Msumbiji, na lina wafadhili ng'ambo ambao Pili huwaona kwenye skrini, vichwa na mabega basi. Kazi ya shirika ni kuwapa wahudumu wa afya wa vijijini simu inayowaongoza. Mhudumu anamtembelea mjamzito, simu inamuuliza swali baada ya swali, kisha inatoa rangi. Kijani, mama yuko sawa. Nyekundu, mama aende kituo cha afya leo hii. Na mjamzito mwenyewe hupata ujumbe wa sauti kila wiki wa kumkumbusha kliniki.

Pili hakuja na shahada. Alikuwa mhudumu wa afya kijijini Matombo kwa miaka kumi na minne, na daftari lililofungwa kwenye mfuko wa nailoni lisilowe. Walipotafuta mtu anayeijua milima wakamchukua yeye, wakampandisha mwaka hadi mwaka, mpaka siku moja akajikuta meza moja na mkurugenzi. Akanunua viatu vya kisigino. Magoti yake hayajavisamehe mpaka leo.

Sasa ilikuwa Jumanne moja ya masika, mvua imeziba mlima wote, na Nasibu, kijana mkuu wa teknolojia, alikuwa akiwaonyesha ripoti ya kuwapokea wageni wa Alhamisi, wafadhili na watu wa ofisi za nje.

"Wajawazito mia sita na kumi na wawili," alisema. "Waliopotea kwenye ufuatiliaji, sifuri."

Glory, mkurugenzi, alipiga makofi. Ni mwanamke mchapakazi, na wiki ile alikuwa hajalala vizuri kwa ajili ya wageni hao.

Pili aliona mstari mdogo wa kijivu chini kabisa ya ukurasa. "Na hawa thelathini na nane?"

"Hao wamehama, Bi Pili. Mhudumu akibonyeza 'amehama', mfumo unamtoa mama kwenye orodha, na ujumbe wake unakatika. Mhudumu asije akahangaika na mtu ambaye hayupo."

Wengine waliendelea na ukurasa uliofuata. Pili alibaki palepale.

Maana kitufe kile alikiweka yeye. Miaka mitatu nyuma, kwenye kikao na mafundi wa ng'ambo, waliuliza: mhudumu akifika nyumbani akamkosa mama, tuweke jibu gani? Vichwa vyote vikamgeukia yeye, mtu wa milimani. Alifurahi mno kuulizwa. Akajibu haraka, asionekane anababaika: "Wekeni amehama." Wakaandika, wakamshukuru, wakaenda kunywa chai.

Mluguru mzima, mzaliwa wa Matombo! Mtoto wake wa kwanza yeye mwenyewe alimzalia kwenye kitanda cha mama yake. Ndivyo ilivyo kule. Binti mwenye mimba ya kwanza, ikikaribia, hurudi kwao. Mtoto ni wa lukolo wa mama, ukoo wa upande wa kukeni, na watu wa mama wanataka kumpokea kwa mikono yao. Binti huyo hajahama. Sufuria zake bado ziko kwa mumewe, na mtoto akipata nguvu atarudi. Pili aliyajua haya tangu hajaota meno, akayasahau kwa dakika moja iliyomfaa kuyakumbuka. Mwacha asili ni mtumwa, marehemu mama yake alizoea kusema, na Pili alikuwa akidhani anasemwa mtu mwingine.

"Nasibu, nifungulie majina yao," alisema.

La kumi na moja lilikuwa la Salma Rashidi, wa Mkuyuni. Miaka kumi na tisa, mimba ya kwanza. Presha mia hamsini na tano kwa mia moja, miguu imevimba. Nyekundu. Alikwenda kituoni, akapewa vidonge na kuambiwa arudi kila wiki. Siku tano baadaye: amehama. Baada ya hapo ukurasa ulikuwa mweupe. Siku ishirini na tatu.

Pili alimpigia Aisha, mhudumu wa Mkuyuni.

"Salma? Kaenda kwa mama yake, dada, juu huko kupita Matombo," alisema Aisha. "Nikajua wenzetu wa kule watampokea."

"Nani aliwaambia?"

"Si simu, dada? Si simu inawaambia?"

Alipompigia Salma mwenyewe, namba haikupatikana. Glory alikuwa amesimama nyuma yake muda wote, akisoma juu ya bega lake.

"Dada Pili, wageni wanaingia keshokutwa," alisema taratibu. "Hili tulishughulikie Ijumaa, kwa utulivu."

"Ijumaa huenda tukakuta wameshazika."

Maneno yale yalimtisha Pili mwenyewe kuyasikia. Glory naye aliangalia pembeni, akakaa, akainuka tena. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu mwenye hofu, na hofu mbili zilikuwa zikimvuta kila moja upande wake. "Chukua gari," alisema mwishowe. "Lakini hiyo namba ya thelathini na nane usiitaje kwa mtu yeyote kwanza."

Dereva Kasiani ni msemaji kwa kawaida yake. Walipofika Mkuyuni, mikungu ya ndizi imepangwa barabarani, alitaka kusema kitu kuhusu bei, akamtazama Pili, akameza maneno yake. Pili alikuwa akisoma Ayatul Kursi aliyoihifadhi tangu madrasa, na kila akifika katikati ilimpotea akaanza upya. Alikuwa amewahi kuona kifafa cha mimba mara mbili katika miaka yake ya daftari. Mmoja alipona. Wa pili alikuwa na kucha zilizopakwa hina, na ndizo kucha alizokuwa akiziona sasa kwenye kioo cha gari lililokuwa likiteleza kwenye tope.

Gari lilifika mbele kidogo ya misheni ya Matombo, likakataa. Wakashuka. Mtu mmoja aliyekuwa akipalia migomba aliwaelekeza kwa mkono: kwa akina Salma ni kulee, penye bati jipya. Mwendo wa saa nzima kupanda. Pili alivua viatu vyake vya uongozi, akavishika mkononi, akapanda pekupeku kama zamani. Mara tatu alisimama akijidai anapumzika, kumbe anaogopa kufika.

Walipozunguka kona ya mwisho akaiona nyumba, na watu wamejaa uani. Wanaume upande mmoja. Wanawake wamejitanda kanga kichwani, kimya. Hakuna aliyecheka, hakuna mtoto anayekimbia. Miaka kumi na minne ya kuzunguka vijiji ilikuwa imemfundisha ua wa namna ile una nini.

Alikaa kwenye jiwe lenye matope. "Nimemuua," alisema kwa sauti. "Kasiani, nimemuua mtoto wa watu."

Kasiani alikinga macho kwa kiganja, akatazama vizuri. "Mama, hebu inuka," alisema. "Wale wanafunga blanketi kwenye miti, na yule mzee kaleta mto. Maiti hawekewi mto."

Pili hakukumbuka baadaye alivyofika pale mlangoni. Salma alikuwa amelala chini, uso umeumuka mpaka macho yamekuwa mistari. Tangu alfajiri kichwa kilimuuma, macho yakaingia ukungu, na muda mfupi uliopita alikuwa ametetemeka mwili mzima, povu likamtoka. Mwanamke mwembamba alikuwa amempakata kichwa. Ndiye mama yake.

"Shikamoo, mama. Mimi ni mtu wa afya. Tumlaze ubavu, wa kushoto. Hivyo." Mikono ya Pili ilifanya kazi bila yeye, kama vile ni ya mtu mwingine asiyeogopa. Kipimo cha presha alichokuja nacho kilisoma mia na themanini kwa mia na ishirini. Namba hizo hakuzisoma kwa sauti.

Walishuka naye, wanaume wakipokezana machela, Pili pembeni akiushika mkono wa Salma na kuubonyeza kila hatua chache, ili tu ujibu. Ulijibu. Mara moja, kwenye mteremko wenye utelezi, haukujibu, na Pili alipiga kelele wote wakasimama. Kisha vidole vikasogea. Njia yote iliyobaki alilia waziwazi, kamasi zinamtoka, wala hakujali nani anaona.

Kwenye kituo cha afya muuguzi alimdunga Salma sindano ya kuzuia degedege, akapiga simu gari la wagonjwa litoke mjini. Wakawa hawana la kufanya isipokuwa kungoja barazani, Pili na mama yake Salma, bega kwa bega.

"Mungu akubariki, mwanangu," mama alisema. "Kama usingekuja, tungesema ni mambo mengine tu, mkono wa mtu. Maana sisi tulijua kapona."

"Mlijuaje, mama?"

"Si ile simu yake? Alipokuwa kwa mumewe ilikuwa haimpi nafasi. Kila wiki: Salma, nenda kliniki, Salma, presha yako. Kaja nayo hapa, wiki ya kwanza kimya. Ya pili kimya. Tukasema, basi, presha imeshuka, wenyewe wenye simu wameona hana ugonjwa. Hata vidonge nikamwambia apumzike navyo. Juzi chaji imeisha, hatukuhangaika kwenda kuichaji." Alimgeukia. "Kwa nini ilinyamaza?"

Pili angeweza kusema ni mtandao. Milimani mtandao hubeba lawama zote na haujibu. Neno lilikuwa limeshafika ulimini. Kule kwenye jiwe aliogopa kifo, hapa alikuwa akiogopa macho ya mwanamke mmoja.

"Niliinyamazisha mimi, mama," alisema. "Si leo. Zamani, nikiwa ofisini. Niliwaambia watu kwamba binti akiondoka kwa mumewe amehama, wamwondoe kwenye orodha. Nami ni wa hapa hapa. Nilikuwa najua anakokwenda."

Mama yake Salma hakutukana. Alijisogeza kwenye benchi, si mbali, upana wa mkono hivi, na nafasi ile ilimuuma Pili kuliko kofi.

"Wako wangapi?" aliuliza mwishowe.

Ndiyo namba aliyokatazwa kuitaja. "Thelathini na nane."

"Na hao mama zao nao wanasema wamepona." Alifunga kanga yake upya. "Basi usikae hapa na mimi."

Salma alifikishwa mjini, akapasuliwa jioni ile ile. Mtoto wa kike, hajatimiza kilo mbili, akafungwa kifuani kwa bibi yake apate joto. Wote wawili walipumua. Pili aliona kwa macho yake, akatoka nje, akaanza kumpigia Aisha.

Jumatano nzima alishinda kwenye simu na Aisha na wahudumu wengine. Kufikia Alhamisi asubuhi walikuwa wamewapata ishirini na tisa. Wawili walikuwa na rangi nyekundu, wakashushwa. Tisa bado.

Wageni waliingia saa nne, wanyenyekevu, wenye viatu vya kupandia milima visivyo na tope. Nasibu aliwasha skrini. Sifuri ilikuwa palepale, kubwa, ya kijani. Glory alieleza vizuri, ingawa kila alipopumua alimtupia Pili jicho la kumsihi. Mgeni mmoja, mwanamke wa makamo kutoka ofisi ya Malawi, aliinama mbele.

"Hawa waliohama," aliuliza kwa Kiswahili cha kujifunza, "wamekwenda wapi?"

Mficha maradhi kifo humuumbua, na kifo kilikuwa kimeshapita mlangoni mwake mara moja wiki ile. Pili alisimama.

"Hawajahama," alisema. "Wamekwenda kujifungua kwa mama zao. Kosa ni langu, na tisa bado hatujui kama wako hai."

Glory alifumba macho. Kisha simu ya Pili ikaanza kuita juu ya meza, jina la Aisha kwenye kioo, na Pili, mbele ya wageni na uongozi wote, akaitazama ikiita mara mbili, mara tatu, mkono hautaki kwenda.

"Pokea, dada," alisema Glory.

Akapokea. "Aisha, niambie."

"Nimempata wa thelathini," Aisha alisema, kisha akaanza kulia. "Wanasema wamemzika Ijumaa iliyopita."